Mluzi wa Saa ya Chakula

Juu ya mlango wa maabara ya leza walikuwa wametundika bango la kitambaa lenye maandishi mekundu: KARIBUNI WATAFITI WOTE. Mlango wenyewe ulikuwa umefungwa. Mwalimu alisimama chini ya bango hilo, sanduku lake amelikumbatia kifuani, akabonyeza kengele, akangoja, akabonyeza tena.

Mlinzi aliyefungua alimtazama kuanzia viatu hadi kilemba.

"Watu wa usafi wanaingilia nyuma, mama."

"Mimi ni mtafiti mgeni."

"Aa!" Mlinzi akakuna shingo. "Basi ngoja kidogo hapo hapo. Wenyewe bado wako kwenye chai."

Wenyewe. Neno hilo lilimkaa Mwalimu kooni kama mwiba wa samaki. Kwa miaka mingi alikuwa ameomba kuitumia leza hii, na kila mara alijibiwa kwamba leza ina wenyewe. Alikuwa mhadhiri wa fizikia katika chuo cha ualimu kilichokuwa mwendo wa siku nzima kwa basi, chuo chenye maabara moja na mabomba yanayokohoa badala ya kutoa maji. Mwaka huu baraza la chuo kikuu lilikuwa limekata shauri: leza ifunguliwe kwa watafiti wa nje, kwa majaribio, na mtu wa kwanza kuingia awe yeye. Alipewa wiki moja. Mkurugenzi wa utafiti, mama asiyemung'unya maneno, alimpigia simu akamwambia bila kuzunguka: "Mwalimu, ukifanikiwa, mlango utabaki wazi kwako na kwa wengine. Ukishindwa, wapo watu humu ndani watakaoufunga huku wakipiga makofi."

Ndani ya sanduku mlikuwa na tando. Alizitengeneza mwenyewe, jioni baada ya vipindi. Alikuwa anadondosha tone la plastiki iliyoyeyushwa juu ya maji yaliyotulia kwenye beseni, tone linatanda, linakauka na kuwa ngozi nyembamba ambayo jicho haliwezi kuikamata isipokuwa kwa kuinama na kutafuta rangi zake kwenye mwanga. Kisha anaiopoa kwa fremu ya chuma yenye tundu katikati, pumzi ameibana. Nyingi zilichanika. Zilizopona ndizo hizi, na zilimla mwaka mzima. Leza ikiupiga utando wa namna hiyo, chembe ndogo sana ziitwazo protoni huchomoka upande wa pili kwa kasi ya ajabu. Siku moja, Mwalimu aliamini, chembe hizo zingeelekezwa kwenye uvimbe ndani ya mwili wa mgonjwa, ziuchome bila kumpasua. Lakini kwanza mtu alipaswa kuonyesha kwamba chembe hizo zinatoka kwenye tando zake. Hilo tu. Kwamba zinatoka.

"Shemeji! Umekuja kutulipua?"

Sauti hiyo ilimtoa kwenye mawazo. Mdogo wa mume wake alikuwa anakuja kwenye korido, koti jeupe linapepea, viatu vimevishwa mifuko ya plastiki. Yeye ndiye mhandisi wa leza hiyo, na nyumbani kwake ndiko Mwalimu alikofikia, pamoja na mama mkwe ambaye alikuwa anaishi huko.

"Nimekuja kuwafundisha kazi, shemeji. Nasikia mnaharibu tu umeme."

"Haya, ingia utufundishe. Ila ukivunja kitu, namrudishia kaka mke wake na bili juu."

Wakacheka. Mwalimu alimpenda kijana huyu tangu siku alipoolewa, kijana alipomficha jikoni ili asionekane analia. Akamwambia kwa sauti ya chini, kabla hata hawajafika ndani: "Nikuombe jambo moja tu. Tando zangu haziogopi moto wala nini, zinaogopa upepo. Mkiingiza hewa kwenye chemba, iingie polepole sana. Mwambie kila mtu."

"Nimeshawaambia, shemeji. Lala usingizi."

Ukumbi wa leza ulikuwa baridi, na ulinguruma chini chini kwa sauti ya pampu. Mwanga ulizaliwa upande mmoja, dhaifu tu, ukapitishwa kwenye vioo na fuwele, ukaongezwa nguvu, ukakandamizwa, hadi mwisho ukaachiwa kwa muda mfupi kiasi kwamba kope haipati hata wazo la kufumba. Mwisho wa safari hiyo palikuwa na chemba ya chuma, nene, ya duara, ambayo wenyewe waliiita Pipa. Hewa yote hunyonywa kwanza kutoka ndani ya Pipa, ili mwanga upite bila kizuizi. Kazi ikiisha, hewa hurudishwa kwa koki moja ndogo ubavuni.

Na ubavuni mwa Pipa, mikono nyuma, alisimama Profesa.

Kila mtu alimwita Mwenye Nyumba, na jina hilo hakulichukia. Ndiye aliyeijenga leza ile tangu ukumbi ukiwa stoo ya viti vilivyovunjika. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesikiliza mashine ikimsengenya.

"Karibu, mgeni," alisema. "Hapa tuna taratibu zetu. Utazizoea."

"Ahsante, Profesa. Nina wiki moja tu ya kuzizoea."

"Wiki si haba." Akageuka kwa watu wake. "Jamani, mgeni huyu. Msimtishe."

Jumatatu ikaliwa yote na kile walichokiita kupasha moto. Mwalimu alikaa kwenye kiti cha plastiki, akatazama timu ya nyumbani ikipiga kwa leza mabamba yao mazito ya shaba, bamba baada ya bamba, "kujaribu tu nguvu." Jumanne kioo kimoja kilikuwa na doa. Doa likafutwa, halafu wakapiga tena mabamba yao, "kuhakikisha." Kila alipouliza zamu yake ni lini, alijibiwa kwa adabu kubwa na bila jibu ndani yake. Shemeji yake alikuwa anapita mbio, anamkonyeza, anasema, "Kesho, shemeji, kesho bila wasi."

Mwalimu hakuwa mtu wa kelele. Alikwenda chooni, akajifungia, akaegemeza paji la uso kwenye mlango. Ee Mungu, alisema moyoni, nipe subira, maana nikiikosa hapa nitasema maneno ambayo sitaweza kuyaokota.

Siku hizo mbili ndipo alipoujua mluzi. Kila saa ya chakula cha mchana ilipokaribia, Profesa mwenyewe alikwenda kwenye Pipa, akaifungua koki kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukitafuta funguo za ofisi mfukoni. Hewa ilivamia ndani kwa mluzi mkali uliopasua kuta, ukapanda ngazi, ukasikika hadi ghorofa za juu. "Chakula!" mtu alipiga kelele, na watu wakavua miwani ya kinga na kuondoka wakitaniana. Mwalimu aliambiwa kwamba hata makarani wa juu hawatazami saa. Wakisikia mluzi, wanafunga kompyuta. Ilikuwa desturi ya tangu zamani. Bamba la shaba halijali upepo. Lingepigwa na kimbunga, lingekaa pale pale.

"Kesho, zikiwa zangu ndani," Mwalimu alimkumbusha shemeji yake, "mluzi usilie."

"Hautalia."

Jumatano wakampa nafasi. Alizipanga fremu kwenye gurudumu dogo ndani ya Pipa kwa mikono yake mwenyewe, karibu zote, akabakiza chache tu sandukuni. Pampu zikaanza, taratibu, kama alivyoomba. Asubuhi nzima alikaa chumba cha kuongozea, nyuma ya ukuta mnene, pamoja na mtaalamu wa kompyuta waliyemwita Miwani, wakiuelekeza mwanga kwenye utando wa kwanza. Kwenye skrini uling'aa kijani na zambarau, mzima, umetulia. Mwalimu aligundua kwamba alikuwa ameshika mkono wa Miwani.

"Samahani, mwanangu."

"Hamna shida, Mwalimu. Hata mimi natetemeka." Miwani akatazama saa. "Ila naona tutapiga baada ya chakula. Profesa amesema anataka kuweka bamba lake moja pembeni kwanza."

"Kuweka vipi, na Pipa limefungwa?"

Mluzi ulimjibu kabla ya Miwani.

Ulipenya ukuta mnene kana kwamba ni karatasi. Kwenye skrini utando ulitetemeka mara moja kama kope ya mtu anayeota, halafu haukuwepo. Tundu tupu. Mwalimu hakukumbuka alivyoinuka. Alijikuta anakimbia ukumbini bila vifuniko vya viatu, kilemba kimemlegea, na mluzi bado unalia, na Profesa amesimama na mkono kwenye koki, anamsimulia mtu habari ya mkwewe. Begani kwake alisimama shemeji, mikono imening'inia.

"Funga! Funga!"

Profesa aligeuka taratibu. "Kuna nini?"

Mlango wa Pipa ulipofunguliwa Mwalimu aliingiza kichwa ndani. Fremu zote zilikuwa mahali pake, zimenyooka vizuri, kila moja na tundu lake. Kwenye ukingo wa chache palibaki uzi mwembamba unaopepea, kama mabaki ya utando wa buibui baada ya ufagio. Mwaka wake mzima ulikuwa umepulizwa ili watu wawahi kula.

"Sasa utando gani huo," Profesa alisema, akichungulia juu ya bega lake, "unaoogopa hewa? Hewa tu hii, tunayovuta!" Watu wawili wakacheka, si kwa ubaya, kwa mazoea. "Pole sana, mgeni. Lakini ndiyo maana nilisema tangu mwanzo. Mtu wa nje analeta vitu dhaifu, vikiharibika, lawama ni kwetu."

Mwalimu alimgeukia mhandisi. "Shemeji. Uliwaambia?"

Shemeji alitazama mifuko ya plastiki miguuni mwake.

"Shemeji, nakuuliza. Ulikuwa umesimama hapa. Uliona mkono wake unakwenda kwenye koki. Sema basi."

"Twende tukale kwanza," alisema kijana kwa sauti ya mtu aliyemeza kitambaa. "Tutazungumza."

Damu ilimpanda Mwalimu hadi masikioni. Alitoka nje, akakaa kwenye ngazi za jengo. Alitaka kusali. Kila alipofungua mdomo lilimjia neno ambalo hata Mungu, pamoja na rehema zake zote, halifai kuambiwa. Basi akaghairi kusali, ngumi zimekunjwa mapajani, akawaacha watu wanaorudi kutoka kula wamzunguke kama gunia lililosahauliwa njiani.

Jioni, nyumbani kwa shemeji, chakula kilipoa mezani. Mama mkwe, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha, alitazama huku na huku. Hakujua leza ni nini, lakini alijua watu wawili wasiotazamana wakoje.

"Nyie mna nini?"

"Hatuna kitu, mama," alisema shemeji.

"Tuna kitu," alisema Mwalimu. "Bosi wake ameniharibia kazi ya mwaka mzima, yeye amesimama kando kama nguzo ya umeme. Na kesho kuna kikao. Watasema kosa ni langu, na yeye atanyamaza tena."

"Shemeji, huelewi!" Kijana alisukuma sahani. "Yule mzee alinitoa mtaani. Nilikuwa natengeneza redio za watu kwenye kibanda. Alinishika mkono, akanifundisha kila kioo kilichomo mle. Nimuumbue mbele ya Mkurugenzi? Nikitoka pale nitakwenda wapi?"

"Na mimi nitakwenda wapi? Kuna leza nyingine pale nyuma ya soko?"

"Utatengeneza tando nyingine."

"Nitatengeneza. Nizipige kwa tochi?"

Mama mkwe akaanza kucheka, akajizuia. Kisha akasema alichokuwa anataka kusema tangu mwanzo. "Mwanangu, huyu ni mdogo wako. Msamehe, yaishe, tule. Nyie wasomi mnagombana kwa kitu ambacho hata hakionekani kwa macho!"

"Mama, nitamsamehe. Mungu wangu ananitaka nimsamehe na nitafanya hivyo. Lakini hapa hakuna aliyeniomba msamaha. Ninaombwa nimfichie."

"Si ni kitu kimoja?"

"Si kitu kimoja, mama!" Mwalimu alishtuka kusikia sauti yake ikigonga dari. Hakuwahi kumpandishia mama mkwe sauti. Mama mkwe naye alibaki na kijiko hewani. "Niwie radhi. Si kitu kimoja. Kila mtu katika nyumba hii ananiomba niwe mpole, na hakuna anayemwomba yeye awe mkweli."

Hakuna aliyekula. Mama mkwe alikusanya sahani kwa kelele nyingi kuliko zilizohitajika.

Kikao kilifanyika Alhamisi asubuhi, ghorofa ya juu, kwenye meza ndefu iliyong'arishwa. Mkurugenzi alikaa kichwani mwa meza. Profesa alianza, na alianza kwa asali. Mwalimu ni mtu wa bidii. Mwalimu ni mfano kwa akina mama wote. Alikuwa anamvisha kilemba cha ukoka, na Mwalimu alikihisi kikimkaza kichwani.

"Hata hivyo," alisema Profesa, "lazima tuwe wakweli. Alichokileta hakikuhimili hali ya kawaida ya maabara. Napendekeza mpango huu wa wageni usimame kwanza. Wageni walete vitu vyao, sisi tuvikague, tukiona vinafaa, tutawapigia leza sisi wenyewe na kuwatumia majibu."

Sisi tuwapigie. Mwalimu alielewa vizuri. Mlango ungebaki na bango lake, na ndani yake wangebaki wale wale.

Mkurugenzi alimgeukia mhandisi. "Wewe ndiye unayesimamia mashine. Hewa iliingizwaje jana?"

Shemeji alilamba midomo. Alimtazama Profesa, akatazama meza.

"Iliingizwa... kama kawaida."

Mwalimu alikuwa amejiahidi kukaa kwenye kiti chake hadi mwisho. Alisimama, kiti kikarudi nyuma kikagonga ukuta.

"Kawaida ipi?"

"Mwalimu, tafadhali," alisema Profesa.

"Hapana, nimetafadhalika tangu Jumatatu. Amesema kawaida, aseme ni kawaida ipi. Niliomba hewa iingie polepole. Niliomba siku ya kwanza, nikarudia Jumanne. Mheshimiwa Mkurugenzi, ofisi yako iko korido hii hii. Jana ulikwenda kula saa ngapi?"

Mkurugenzi alikunja uso. "Muda wa kawaida. Nilisikia mluzi, nika..."

Karani aliyekaa dirishani aliinua kichwa.

"Ulisikia mluzi," alisema Mwalimu. "Jengo zima lilisikia. Pipa likifunguliwa polepole halipigi mluzi, mama. Halitoi sauti hata ya mbu. Ukisikia mluzi, ujue hewa imeingia kwa kishindo. Zilikuwa tando zangu ndani, na mtu ameninyang'anya mwaka wangu kwa sababu ana njaa! Halafu anakaa hapa ananiambia nimeleta vitu dhaifu. Kitu dhaifu katika maabara ile ni kimoja tu, ni ulimi wa watu wanaojua na hawasemi!"

Mkurugenzi alimtazama tena mhandisi, safari hii bila kupepesa.

"Ni kweli?"

"Ni kweli," alisema shemeji, karibu asisikike. "Alifungua Profesa. Nilijua tando zimo. Sikusema."

Mwalimu alikaa. Alifikiri angefarijika, lakini kifuani mliendelea kuwaka. Kijana alikuwa amesema ukweli baada ya mlango kuvunjwa, wakati hapakuwa na kingine cha kusema. Ukweli wa namna hiyo haumgharimu mtu hata nauli.

Macho ya Profesa yalikuwa mekundu. "Mimi nimeijenga leza ile," alisema. Alinyoosha mikono yake juu ya meza, mikubwa, yenye kovu la kuungua kwenye kidole gumba. "Nimebeba vile viti vibovu kwa mikono hii. Nilipoomba msaada, mlikuwa wapi? Leo imewaka, kila mtu anataka kuota moto."

Kwa dakika moja Mwalimu alimwonea huruma, na hilo likamkasirisha zaidi.

"Hakuna anayekunyang'anya ulichokijenga, Profesa," Mkurugenzi alisema. "Lakini ni mali ya chuo, na chuo kimesema iwe wazi. Mpango hausimami. Ijumaa yote ni ya Mwalimu. Hakuna bamba la shaba, hakuna kupasha moto zaidi ya kinachohitajika. Na koki haiguswi na mtu bila ruhusa yake. Nikisikia mluzi kesho, nitashuka mwenyewe."

Ijumaa Mwalimu alianza kazi akiwa na tando chache zilizosalia. Alizigawa: nusu ziingie Pipani asubuhi, nusu zibaki kwa mchana, kama kuna la kurekebisha. Pigo la kwanza lilipita pembeni likaunguza fremu. Miwani aliguna kama aliyepigwa yeye. La pili lilikuwa dhaifu. Mwalimu alisali kwa sauti, bila kuona haya, sala fupi isiyo na mapambo: "Baba, nimechoka. Nisaidie." Miwani akasema "Amina" huku akirekebisha kioo.

Pigo la tatu lilitoa mlio mdogo mkavu, kama ukucha kwenye glasi. Kwenye skrini, palipokuwa na mstari uliolala wa kipimo cha protoni, uliinuka mlima.

"Zimetoka," alinong'ona Miwani. "Mwalimu, zimetoka! Hizo si ndizo?"

Zilikuwa ndizo. Mwalimu aliutazama mlima ule hadi ukapoteza umbo kwa machozi. Alifikiri juu ya fremu zote za Jumatano, kila moja na tundu lake, na furaha yake ikaja imeshikana mkono na hasira, haziachani. Wakapiga tena. Mlima mwingine. Watu wa timu wakaanza kuchungulia mlangoni, mmoja mmoja.

Profesa naye alikuja. Aliinama mbele ya skrini muda mrefu, kichwa pembeni. Alipoinuka alikuwa na uso wa mtu aliyetazama kitu anachokipenda kikiwa mikononi mwa mwingine.

"Unazitengenezaje?" aliuliza.

"Kwa maji na beseni."

"Nionyeshe."

"Nitakuonyesha. Njoo chuoni kwetu, ukae wiki, ufuate taratibu zetu."

Miwani alipata kikohozi cha ghafla. Profesa alimtazama Mwalimu, akatoka.

Mchana ulifika. Ilibidi Pipa lifunguliwe ili tando zilizobaki ziingie. Mwalimu alivuta kiti chake cha plastiki, akakaa ubavuni mwa chemba, akaigeuza koki kwa ncha za vidole, kidogo, kidogo sana, kisha akaiacha hapo. Hewa iliingia bila sauti. Ukumbini watu walizunguka wakishika matumbo. Kutoka juu, mtu fulani aliteremka nusu ya ngazi akauliza kama saa imekufa.

Shemeji alikuja akachuchumaa kando ya kiti.

"Itachukua muda. Nenda kula, shemeji. Nitakaa mimi."

"Hapana."

"Naweza kuishika koki. Kazi yangu hiyo."

"Najua ni kazi yako. Juzi pia ilikuwa kazi yako."

"Mama ameniambia nikuombe msamaha kabla hujapanda basi kesho."

"Mama amekuambia."

"Na mimi nataka. Nakuomba msamaha, shemeji. Niliogopa. Si uongo, niliogopa." Akakwangua sakafu kwa ukucha. "Utanisamehe?"

Mwalimu aliitazama koki. Aliipenda familia hii, na alijua angempigia kijana simu siku ya sikukuu, na angecheka utani wake, na siku moja haya yote yangekuwa hadithi ya kusimuliwa mezani. Lakini siku hiyo haikuwa leo, na hakutaka kumdanganya yeye wala Mungu.

"Ninamwomba Mungu kuhusu wewe," alisema. "Asubuhi nimemwomba, na mchana huu nimemwomba. Bado tunabishana."

Kijana alianza kucheka, akidhani ni utani. Alipoona shemeji yake hacheki, aliacha.

"Basi nifanye nini?"

"Kalete zile tando sandukuni. Zishike kwa pembe za fremu. Na usipumue."

Aliondoka akitembea kwa ncha za miguu. Mwalimu aliigeuza koki tena, kwa unene wa unywele, na kungoja.